Kambi za Soka Kaskazini Unguja: Ufukwe Upo, Wachezaji Watafika Lini?

Kijiji cha Kendwa kipo Wilaya ya Kaskazini 'A', Mkoa wa Kaskazini Unguja, takriban kilomita 60 kutoka Mjini, jirani na Nungwi. Wageni wengi wanakijua kwa bahari yake. Maji yanapokupwa katika pwani ya mashariki, kuanzia Paje hadi Jambiani, hukimbia mbali na kuwaachia wakulima wa mwani nafasi ya kutembea hadi kwenye mashamba yao. Kendwa maji hayaendi mbali, na mtu huweza kuoga baharini wakati wowote wa mchana. Kwa mtalii hiyo ni starehe, lakini kwa kocha wa mpira wa miguu ni kifaa cha kazi, kwa kuwa mchezaji aliyemaliza mazoezi anaweza kuingia majini kupumzisha misuli bila ya kusubiri bamvua wala kupwa.

Kwa miaka mingi timu kubwa za Dar es Salaam zimekuwa na desturi ya kuvuka bahari na kuweka kambi Unguja au Pemba kabla ya michezo mizito, hususan pale Simba na Yanga zinapokaribia kukutana. Sababu zake zinaeleweka. Mchezaji huondokana na kelele za mashabiki, simu za jamaa na maneno ya vijiweni, akabaki na kocha, wenzake na mpira. Ukanda wa Kendwa na Nungwi, wenye hoteli zilizozoea kupokea makundi makubwa ya wageni, una kila sababu ya kunufaika na desturi hiyo, hasa katika kipindi hiki ambacho Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, inajiandaa kuwa mwenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027.

Hata hivyo, wananchi wanaofuatilia matangazo ya kambi za timu wanapaswa kutazama zaidi ya jina la hoteli. Kambi hujengwa kwa mambo matatu: kiwanja, siku na kikosi. Historia ya karibuni ya soka la Zanzibar na Tanzania kwa jumla inaonesha kwamba jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote.

Mchanga hautoshi

Mazoezi ya ufukweni yana faida yake. Mchanga hupunguza mshtuko wa miguu na humlazimisha mchezaji kutumia nguvu zaidi kwa mwendo mdogo, jambo linalofaa katika siku za mwanzo za kujenga pumzi. Lakini mchanga huohuo huelemea misuli ya nyuma ya mguu na kano za kisigino, na mchezaji asiyeuzoea anaweza kuondoka kambini akiwa majeruhi kabla ya kupiga pasi ya kwanza. Zaidi ya hayo, ufukweni hakufundishiki namna ya kupanga safu ya ulinzi au kupiga mipira ya kona. Kazi hiyo inahitaji kiwanja chenye vipimo kamili, kilicho karibu na malazi na chenye nyasi za aina ile itakayokutwa siku ya mchezo.

Mfano ulio hai upo Karatu, mkoani Arusha. Karatu nayo ni mji wa watalii, wapitao kwenda Ngorongoro. Mwezi Julai mwaka 2025, wakati timu za ukanda huu zikijiandaa kwa Mashindano ya Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, CHAN, mji huo ulipokea mashindano mafupi ya CECAFA yaliyozihusisha Tanzania, Uganda na Senegal. Utalii haukuwa sababu ya Karatu kupata nafasi hiyo. Uwanja wa Black Rhino ndio ulioibeba. Eneo la Kaskazini Unguja tayari lina vyumba, majiko na bahari. Kitakachoamua kama litakuwa kituo cha kambi au litabaki mahali pa mapumziko ya siku mbili ni kiwanja bora kilicho karibu, ili timu isilazimike kusafiri hadi Mjini na kurudi kila inapotaka kufanya mazoezi.

Mchezaji mmoja, kambi mbili

Tuseme kiwanja kimepatikana. Swali linalofuata ni nani atakayekanyaga nyasi zake. Kombe la Mapinduzi la Januari 2025 linatoa somo la wazi. Mashindano hayo, yaliyofanyika katika uwanja wa Gombani, Pemba, yalishirikisha timu za taifa badala ya klabu. Zanzibar Heroes waliifunga Tanzania Bara katika mchezo wao wa kwanza, na tarehe 13 Januari wakatwaa kombe kwa kuilaza Burkina Faso mabao 2-1. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa nchi ambayo taji lake la mwisho la CECAFA lilipatikana mwaka 1995.

Lakini siku moja tu kabla ya fainali hiyo, tarehe 12 Januari, Yanga walikuwa Nouakchott wakicheza na Al Hilal ya Sudan katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na Simba walikuwa Angola wakicheza na Bravos do Maquis katika Kombe la Shirikisho. Kila mchezaji aliyekuwa katika misafara hiyo, awe wa Zanzibar au wa Bara, hakuweza kuwa Gombani. Kocha aliyepanga kikosi chake kwa kutegemea nyota wa klabu hizo mbili angefika Pemba na karatasi yenye mapengo.

Hali kama hiyo ilionekana mwaka mmoja kabla, ingawa upande uliopungukiwa ulikuwa mwingine. Tarehe 13 Januari 2024, Mlandege waliifunga Simba bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi na kulitetea taji walilolitwaa mwaka 2023. Siku hiyohiyo zilifunguliwa Fainali za Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, na baadhi ya wachezaji wa Simba walikuwa tayari wameitwa na timu zao za taifa. Heshima ya Mlandege haipungui kwa kulisema hilo. Badala yake inaonesha thamani ya kikosi kinachokaa pamoja. Timu yenye majina madogo lakini iliyofanya mazoezi pamoja kwa wiki kadhaa huweza kuizidi timu yenye majina makubwa iliyokutana juzi.

CHAN ya Agosti 2025 iliongeza uzito wa jambo hili. Uwanja wa Amaan ulikuwa mwenyeji wa kundi lililokuwa na Senegal, Sudan, Nigeria na Kongo-Brazzaville, na baadaye robo fainali ambayo Sudan iliiondoa Algeria kwa mikwaju ya penalti. Taifa Stars, chini ya kocha Hemed Suleiman 'Morocco', iliongoza kundi lake jijini Dar es Salaam kwa pointi 10 kabla ya kutolewa na Morocco kwa bao 1-0 katika robo fainali. Kwa kuwa kanuni za CHAN zinaruhusu wachezaji wa ligi za ndani pekee, mzigo wote uliangukia klabu za nyumbani, tena katika mwezi ambao klabu hizo zilikuwa zikijiandaa na msimu mpya. Mchezaji mmoja alihitajika katika kambi mbili kwa wakati mmoja, na mwili wake ni mmoja.

Kanuni inasemaje

Wananchi wengi huuliza kwa nini timu ya taifa isiwachukue tu wachezaji inaowataka. Jibu lipo katika kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Miguu, FIFA. Klabu hulazimika kumwachia mchezaji kwa chama mwanachama wa FIFA, na hulazimika kufanya hivyo katika vipindi vilivyowekwa kwenye kalenda ya kimataifa pamoja na fainali zinazotambuliwa. Nje ya hapo, kuachiwa kwa mchezaji ni makubaliano na hisani.

Kwa Zanzibar ugumu ni maradufu. Zanzibar ni mwanachama wa CECAFA, na klabu zake hushiriki mashindano ya Shirikisho la Soka Afrika, CAF. Mwezi Machi 2017 ilipewa uanachama kamili wa CAF, lakini uanachama huo uliondolewa Julai mwaka huohuo, na haijawahi kuwa mwanachama wa FIFA. Kwa hiyo, Zanzibar Heroes wanapoitisha kambi, barua yao haina nguvu ya kanuni ya FIFA. Inategemea maelewano na klabu, ambazo nyingi zenye wachezaji bora wa Zanzibar zipo Bara. Feisal Salum alitoka JKU kabla ya kung'ara Yanga na kisha Azam. Ibrahim Abdulla 'Bacca' alitoka KMKM kwenda Yanga. Kupanda kwao ni fahari ya Zanzibar, na wakati huohuo kila mmoja anayepanda huongeza jina moja katika orodha ya wale wanaohitaji ruhusa ya mwajiri ili kuvaa jezi ya nyumbani.

Pamoja na vikwazo hivyo, Zanzibar imeonesha kinachowezekana. Desemba 2017, miezi mitano tu baada ya kuondolewa CAF, Zanzibar Heroes, wakifundishwa na Hemed Suleiman huyohuyo, walizifunga Rwanda na Tanzania Bara katika Kombe la Chalenji nchini Kenya, wakaitoa Uganda katika nusu fainali na kuwabana wenyeji kwa sare ya 2-2 katika fainali mjini Machakos, kabla ya kushindwa kwa penalti.

Siku zinapopunguzwa

Hata timu yenye haki zote za FIFA huweza kuikosa kambi. Kuelekea Fainali za Mataifa ya Afrika zilizoanza Morocco tarehe 21 Desemba 2025, FIFA iliamua kwamba klabu zianze kulazimika kuachia wachezaji tarehe 15 Desemba, wiki moja baadaye kuliko ilivyotarajiwa. Taifa Stars ilikuwa na mchezo wa kwanza dhidi ya Nigeria tarehe 23 Desemba. Kocha Miguel Gamondi, aliyekabidhiwa timu mwezi Novemba, alikuwa na siku zinazohesabika kwa vidole kuwa na kikosi kamili. Tanzania ilifungwa 2-1 na Nigeria, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda na 1-1 na Tunisia, na kwa mara ya kwanza ikavuka hatua ya makundi, ikatolewa na Morocco kwa bao 1-0 katika hatua ya 16 bora.

Matokeo hayo yanastahili pongezi, lakini yasichukuliwe kuwa ni ushahidi kwamba kambi ndefu haina kazi. Wachezaji wengi wa Tanzania walikuwa wametoka katika ligi moja, wanajuana kwa majina na kwa miguu. Waliofika Morocco walikuwa wameshafanya sehemu ya kambi yao kwa kucheza pamoja, au kwa kupambana wao kwa wao, msimu mzima.

Kinachohitajika kabla ya 2027

Kutokana na hayo, mambo matatu yanajitokeza. La kwanza ni ratiba. Ligi Kuu ya Zanzibar, Ligi Kuu ya Bara, Kombe la Mapinduzi na michezo ya klabu katika mashindano ya CAF vinapaswa kusomwa kwenye meza moja na mapema, ili kambi ya taifa isiwe mgeni anayebisha hodi wakati wa chakula. La pili ni orodha ya pili. Benchi la ufundi likijua tangu awali kuwa wachezaji wa klabu fulani huenda wasifike, vijana wa Mlandege, KMKM, KVZ na JKU waandaliwe kama wachezaji kamili, si viraka vya kuzibia tundu siku ya mwisho. La tatu ni viwanja vya mazoezi nje ya Mjini. Mwaka 2027 utakapopita na wageni kuondoka, viwanja hivyo vitabaki kwa vijana wa Kendwa, Nungwi, Matemwe na Mkokotoni, na huenda mmoja wao akawa ndiye jina litakaloombewa ruhusa miaka kumi ijayo.

Kwa upande wa wakaazi, kambi ya timu ni soko la samaki, mboga, matunda na usafiri. Lakini mchezaji haruhusiwi kula ovyo, wala hakai kambini miezi. Faida itakuwa ya kudumu pale kambi zitakapokuja kwa mpangilio, na zitakuja kwa mpangilio pale timu zitakapokuwa na hakika ya kiwanja na hakika ya wachezaji.

Hivyo, tangazo la kambi linapotolewa, mwananchi ana haki ya kulisoma kwa maswali matatu: timu itafanyia mazoezi wapi, kwa siku ngapi, na wachezaji wangapi kati ya walioitwa watakuwepo siku ya kwanza. Likiwa na majibu ya yote matatu, mashabiki watajua kuwa maandalizi yameanza. Likiwa na jina la ufukwe peke yake, bado timu haijaingia kambini.