Landilodi Hangoji Fomu

Kuna msemo tunarushiwa kila tukilalamika: subira huvuta heri. Mimi nimechoka nao. Subira huvuta heri kama kuna kitu kwa sufuria. Ukiwa umefutwa kazi, subira huvuta landilodi. Huvuta kufuli kwa mlango. Huvuta meseji za mikopo ya simu, zile zinaanza na "Mpendwa mteja" na kuishia na vitisho.

Leo nataka tuongee kuhusu pesa ya mtu aliyepoteza kazi, na venye nchi hii imezoea kuichelewesha bila aibu. Msimamo wangu ni huu: pesa ya msee aliyefutwa ikichelewa, amenyimwa. Usiniambie "imekawia kidogo tu." Na anayeichelewesha anafaa kulipia huko kuchelewa, vile sisi hulipia tukichelewa.

Kwanza tuweke mambo sawa. Kenya haina malipo ya kukosa kazi. Hakuna. Chukua karatasi ya mshahara ya mtu yeyote uangalie kinachokatwa: NSSF asilimia 6, SHA asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, halafu PAYE juu yake. Sasa jiulize, siku ukifutwa, ni gani kati ya hizo itaamka ikusaidie? NSSF itakuambia ungoje uzee, ama angalau ufike miaka 50. Ya nyumba haikujui. SHA ndiyo kali zaidi: jana ulikuwa unakatwa kwa mshahara, leo huna mshahara lakini bado unadaiwa, angalau shilingi 300 kwa mwezi, na unahesabiwa ya mwaka mzima. Yaani umepoteza kazi na umepata bili.

Kitu kimoja ambacho serikali itakupa chap chap ni mkopo. Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 30, 2022, riba asilimia 8 kwa mwaka, unapiga namba kwa simu na pesa inaingia. Sina shida na mkopo wa biashara. Lakini mkopo si bima. Kumkopesha mtu siku ile amepoteza njia ya kulipa madeni ni kumwongezea mzigo ukisema unamsaidia kubeba.

Na si ati hatukuahidiwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba serikali itawapa hifadhi inayofaa wale wasioweza kujikimu. Hiyo ni 2010. Wengine wenu mlikuwa nasari. Tumekua, tumemaliza shule, tumeanza kutafuta kazi, na ahadi bado iko kwa karatasi.

Sasa kwa sababu hakuna bima, mtu akipunguzwa kazini anabaki kudai kwa mwajiri wake mwenyewe. Na hapo sheria si mbaya. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukipunguzwa kwa sababu kazi imeisha, upewe notisi ya angalau mwezi mmoja ama mshahara wa mwezi badala yake, ulipwe siku za likizo ulizobakisha, na upewe kiinua mgongo cha angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Hata msee aliyefutwa papo hapo kwa kosa lake, sheria inataka alipwe siku ileile pesa zote alizokuwa tayari amezitolea jasho. Siku ileile! Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu kwa mathree, watu wakaniangalia.

Nilicheka kwa sababu mimi nilingoja miezi mitano. Baada ya kuacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, nilifanya kazi kwa bohari moja, kupakia oda za watu, miaka miwili na miezi minne. Tulipopunguzwa, tulipewa fomu ya kuondoka yenye sehemu za sahihi saba. Stoo wasaini kwamba nimerudisha fulana na viatu. Mlinzi asaini kwamba nimerudisha kadi. Mtu wa kompyuta asaini, na mimi sikuwahi kugusa kompyuta yao. Sahihi sita nilipata siku mbili. Ya saba ilikuwa ya ofisi ya fedha, na mwenye kusaini alikuwa ama kwa mkutano, ama nje ya ofisi, ama "jaribu wiki ijayo." Nauli kwenda na kurudi, mia mbili. Nilienda mara tisa. Piga hesabu: nilitumia elfu moja mia nane, pesa ya kukopa, kufuata pesa ambayo ni yangu.

Na hapo ndipo nilielewa kitu. Ile kampuni haikuwa imekataa kunilipa. Hata siku moja hawakusema hapana. Wangesema hapana ningeenda kwa afisa wa leba asubuhi hiyo hiyo. Walisema "ngoja," na "ngoja" haina mahali pa kuipeleka. Kila mwezi pesa yangu ikikaa kwao, wao hawapotezi chochote, mimi napoteza kila kitu. Kwa nini waharakishe? Tena kuna wenzangu walichoka kufuatilia, wakarudi ushago, na pesa zao zikabaki hapo. Kuchelewesha kunalipa. Hiyo ndiyo siri yote, na haihitaji mtu mwovu. Inahitaji tu mtu asiye na sababu ya kuharakisha.

Sasa linganisha na wakati sisi ndio tunadaiwa. Ukiwa na PIN ya KRA, hata kama mwaka mzima hukupata senti, unafaa kujaza ritani kufikia Juni 30 kusema kwamba hukupata senti. Ukipitisha, faini ni shilingi 2,000. Mtu asiye na kazi anapigwa faini kwa kuchelewa kusema hana kazi! Na kodi ikichelewa, KRA hutoza riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kwa hivyo msiniambie nchi hii haijui kuhesabu siku. Inajua vizuri sana. Inahesabu zetu.

Najua kuna watu tayari wameandaa majibu. Tuyachukue moja moja.

Jibu la kwanza: "Hii ni ndoto ya nchi tajiri." Vukeni mpaka Namanga. Tanzania walipitisha sheria mwaka 2018 yenye malipo haya, na wana hata jina lake kwa Kiswahili safi: fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Halikuja bila kelele; wafanyakazi wengi walikasirika kwa sababu waliondolewa fao la kujitoa, ile njia ya kuchukua michango yao yote wakitoka kazini. Hasira yao naielewa. Lakini wao wanabishana kuhusu fao lilivyo, na sisi hata la kubishania hatuna.

Jibu la pili: "Vijana watakuwa wavivu." Theluthi ya mshahara kwa miezi sita! Kama ulikuwa unalipwa elfu 24, hiyo ni elfu nane. Niambie ni keja gani na chakula gani unapata kwa elfu nane hapa Nairobi halafu ulale ukiota jua. Hiyo pesa haimfanyi mtu mvivu. Inamfanya awe na nauli ya kwenda kutafuta kazi na bando ya kutuma maombi.

Jibu la tatu ndilo naliheshimu: "Wakenya wengi wako jua kali, hawana karatasi ya mshahara." Ni kweli. Zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 wanaofanya kazi hapa nchini wako sekta isiyo rasmi. Bima ya kazi ingeanza bila wao, na hiyo ni dhambi tusiifiche. Lakini wangapi kati yao walifika jua kali kwa sababu walifutwa, wakangoja pesa yao, wakauza simu, wakauza godoro, wakaingia biashara yoyote wakiwa na deni? Kuna mtu wa mtumba mahali ambaye angekuwa na stoku mara mbili kama kiinua mgongo chake kingeingia kwa wakati.

Jibu la nne: "Lazima tukague polepole, wezi ni wengi." Hapa nenda Afrika Kusini, kwa sababu wao wana mfuko mkubwa wa bima hii, unaitwa UIF. Mfanyakazi anachanga asilimia 1, mwajiri asilimia 1. Ni kitu kizuri, lakini dai la mfanyakazi linategemea makaratasi ya mwajiri. Mwajiri asipojaza fomu ya UI-19, ama kama hakuwa anakuandikisha, wewe ndiye unakwama kwa laini. Halafu corona ikaja mwaka 2020, mfuko ukalipa pesa za dharura kwa haraka, na mkaguzi mkuu wa huko akagundua kuna malipo yaliyoenda kwa majina ya watu waliokufa na watu walio jela. Wizi upo, sibishi. Lakini tazama vizuri ni nani anakwamishwa na urasimu. Mwizi huja na makaratasi kamili, hiyo ndiyo kazi yake. Anayekosa karatasi moja ni yule mama wa kufagia ofisi ambaye bosi wake hakujaza fomu. Kuwachelewesha watu wote si ukaguzi. Ukaguzi ni kulinganisha rekodi za NSSF, KRA na kitambulisho, na hizo tayari serikali inazo.

Kwa hivyo sidai tu mfuko. Mfuko bila masharti utakuwa ofisi nyingine ya kutuambia tujaribu wiki ijayo. Kumbukeni Kazi Mtaani mwaka 2020: shilingi 455 kwa siku, na malalamiko ya malipo kuchelewa yalisikika mtaa baada ya mtaa. Nadai mambo matatu.

Moja, saa ihesabu upande wao pia. Iwe ni mwajiri ama mfuko wa serikali, sheria iseme siku ngapi, na siku zikipita, asilimia 1 kila mwezi iongezwe kwa pesa ya mfanyakazi bila yeye kuomba. Ni riba ileile KRA inatutoza. Kama ni ya haki kwetu, ni ya haki kwao.

Mbili, kosa la mwajiri lisiwe adhabu ya mfanyakazi. Kama rekodi za benki ama M-Pesa zinaonyesha nililipwa mshahara kila mwezi, nilipwe kwanza, halafu serikali imfuate mwajiri na makaratasi yake. Serikali ina mawakili. Mimi nina nauli ya kwenda tu.

Tatu, "ngoja" iandikwe. Kifungu cha 47 cha Katiba kinataka maamuzi ya ofisi za umma yafanywe haraka na kwa haki, na anayeumizwa na uamuzi apewe sababu kwa maandishi. Basi wakikwama waandike: limekwama wapi, kwa nini, mpaka tarehe gani. Neno la mdomoni halina stempu.

Kabla hayo yafike, jilindeni. Kila mwezi angalia kama michango yako ya NSSF imeingia, usingoje siku ya kufutwa ndiyo ugundue mwajiri alikuwa anakata na hapeleki. Weka barua ya kuajiriwa na rekodi za mshahara mahali ambapo simu ikiibwa hazipotei. Ukitoka, dai cheti cha utumishi. Mwajiri analazimishwa na sheria kukupa kama ulifanya zaidi ya wiki nne, na akikataa kuna faini ya hadi shilingi 100,000 ama kifungo. Dai pesa zako kwa maandishi, na utaje tarehe. Wakinyamaza, nenda kwa afisa wa leba. Na usilale sana: madai ya kazi yana miaka 3 kufika kortini, na ukishapitisha, zile "ngoja" zote zitakuwa zimekushinda.

Lakini ujanja wa mtu mmoja mmoja hautoshi. Mwaka 2027 watakuja mtaani na fulana, na wimbo, na ahadi za ajira milioni ngapi sijui. Msiwaulize watatengeneza kazi ngapi. Hiyo wana jibu wamekariri. Waulizeni hivi: nikifutwa kazi Ijumaa, pesa yangu inaingia tarehe gani? Wakianza hadithi, warudisheni kwa tarehe.

Kama kuna msee unajua amefutwa na bado anazungushwa, mtumie hii. Mwambie si yeye peke yake, na aanze kuandika tarehe.