Mahali pa gari ni pa nani?



Juma hili ninajibu swali ambalo mama mmoja alilileta kwenye mkutano wa kikundi. Alipomaliza kusema, wengine watatu walidakia: «Hata kwetu ni vile vile.» Ni swali la mahali pa kuegesha gari katika nyumba za etaje. Usigeuze ukurasa eti kwa kuwa huna gari. Mama aliyeuliza naye hana gari, na ndiyo sababu jambo hili lilimwumiza.

Kisa chake ni hiki. Ni mjane, anauza sambaza. Alinunua apartema ya chini katika nyumba ya etaje tatu, hapa Bukavu, komine ya Ibanda. Feza zilitoka katika likelemba, na nyingine katika kipande cha shamba alichouza kijijini. Siku ya kulipa, muuzaji alimwonyesha uwanja ulio mbele ya mlango akamwambia: «Na hapa pa gari ni pako, mama.» Mama akafurahi. Akaweka pale meza yake, bidoni za maji na kamba ya kuanika nguo.

Miezi minane ikapita. Baba mmoja akanunua apartema ya juu, akaja na jipu lake na karatasi mkononi. Karatasi inasema: «apartema pamoja na mahali pa gari moja.» Asubuhi moja mama alikuta meza imesukumwa ukutani na jipu limesimama mbele ya mlango wake, hata mtoto hawezi kupita na bidoni. Akasema: «Hapa niliuziwa mimi.» Baba akajibu: «Na mimi niliuziwa, tena mimi nimeandikiwa.»

Nani ana haki? Tusikimbilie kujibu. Twende pole pole, kama tunavyofanya darasani.

Tuanze na udongo wenyewe

Katika nchi yetu, udongo ni mali ya Serikali. Hiyo iko wazi katika sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Sisi raia tunapewa haki ya kuutumia, na kwa Mkongomani haki hiyo inaweza kuwa ya kudumu. Kinachoithibitisha ni sertifika ya uandikishaji, inayotolewa na konservateri wa hati za viwanja na nyumba. Karatasi ya shefu wa avenyu, fishi ya lupango, risiti ya muuzaji, mkataba wenye sahihi za mashahidi: vyote ni vya kutunza vizuri, maana ni ushahidi. Lakini hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya sertifika.

Kwa hiyo swali la kwanza si «nani alifika mbele», wala si «nani ana gari». Swali la kwanza ni hili: sertifika ina jina la nani, na inasema nini juu ya uwanja ule?

Mama wetu alipouliza, alikuta sertifika ni moja tu, ya lupango nzima, na bado iko kwa jina la muuzaji. Nyumba haijagawanywa kwenye kadasta. Maana yake, yeye na baba wa jipu wote wawili wameshika mikataba tu. Walikuwa wanagombana wao kwa wao, kumbe mwenye kuwajibu wote wawili ni yule aliyepokea feza. Na hatari ilikuwa kubwa kuliko ile ya meza. Kama muuzaji angekufa, wangebaki kuhojiana na warithi. Kama angeweka lupango rehani kwa deni lake, wangeshtukia mtu mwingine kabisa amefika mlangoni.

Namna tatu za kuwa na mahali pa gari

Mtu anaposema «mahali hapa ni pangu», anaweza kumaanisha mambo matatu, na hayana nguvu sawa.

La kwanza, ni mali yake. Mahali pamepimwa, pana mipaka, panaonekana kwenye plani, na pameandikwa kwa jina lake kama vile apartema ilivyoandikwa.

La pili, ana haki ya kupatumia peke yake, lakini mahali penyewe ni pa wote. Haki hiyo ni ya kweli ikiwa imeandikwa katika kanuni ya nyumba au katika mkataba. Lakini hawezi kujenga pale duka, wala kupauza kama kitu chake.

La tatu, ni ruhusa tu. Muuzaji au majirani wamenyamaza, naye anaegesha kila siku. Hata akiegesha miaka mitano, kuegesha peke yake hakumfanyi kuwa mwenye mahali.

Wengi wetu tunalipia namna ya kwanza kumbe tunapewa ya tatu. Neno la mdomo siku ya kulipa ni tamu, lakini siku ya ugomvi hakuna anayelikumbuka.

Kilicho cha wote

Sheria yetu inatambua kwamba watu wengi wanaweza kumiliki kitu kimoja kwa pamoja. Katika nyumba ya etaje, vitu vingi ni vya namna hiyo: paa, ngazi, kuta za nje, geti, shimo la maji machafu, njia ya kupita. Kila mwenye apartema ana sehemu yake katika vitu hivyo, na anapaswa kuchangia matengenezo yake. Anaweza kuvitumia jinsi vilivyokusudiwa, bila kuwazuia wengine.

Na uwanja je? Mikataba mingi inaandikwa na watu waliosoma sheria kwa Kifaransa, basi ni vizuri kujua Wafaransa wenyewe wanasemaje. Sheria yao ya tarehe 10 Julai 1965 inasema kwamba hati zikinyamaza au zikipingana, udongo, nyua na njia za kuingilia huhesabiwa kuwa vya wote. Hiyo si sheria yetu, lakini inafundisha kitu: uwanja usioandikwa jina la mtu hauwi wa mwenye gari kubwa kuliko wengine. Hata ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilitunga mwaka 2010 sheria ya pekee juu ya majengo yenye wenyewe wengi, kwa sababu waliona nyumba hizi zinaongezeka.

Kwetu Bukavu jambo hili lina uzito zaidi. Tunaishi kwenye milima. Mahali tambarare ni padogo, na aliye napo anajenga kwenda juu. Pale ambapo zamani familia moja ilikuwa na bustani, leo kuna milango sita au minane na uwanja mmoja. Uwanja huo ndio robine, ndio kamba ya nguo, ndio mahali pa watoto kucheza, ndio matanga yakitokea. Gari moja likisimama vibaya, linakula nafasi ya mama watano. Mama asiye na gari ana sehemu yake pale sawa na mwenye gari. Asione haya kuidai.

Kabla ya kutoa feza

Haya ndiyo ninayowaomba muyakate na kuyabandika kwenye daftari la likelemba.

Omba kuona sertifika, si fotokopi tu. Nenda mwenyewe, au na mtu unayemwamini, kwenye ofisi ya hati za viwanja, uulize kama ni ya kweli na kama lupango haina rehani wala kesi.

Uliza kama nyumba imegawanywa kwa kila apartema. Kama bado, iandikwe katika mkataba nani atalipa kazi hiyo na kwa siku ngapi, na sehemu ya feza ibaki mkononi mwako mpaka ifanyike.

Mahali pa gari paandikwe wazi: upande gani, urefu na upana, namba yake kwenye plani, na kama ni mali au ni haki ya kutumia tu. Maneno «na vyote vinavyoambatana nayo» hayatoshi. Kila mtu atayavuta upande wake.

Waulize wanaoishi pale tayari. Sema tu: «Hapa mbele ni pa nani?» Wakijibu majina mawili, rudi nyumbani na feza zako.

Nanyi mnaopanga, ni vile vile. Ikiwa baba mwenye nyumba amekuahidi mahali pa meza au pa pikipiki ya mtoto wako, iandikwe katika mkataba wa kupanga.

Neno moja la mwisho hapa: jina lako liwe kwenye karatasi. Zamani Kodi ya Familia ya mwaka 1987 ilimdai mke ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria yaliyomfunga. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Leo mume na mke wanapaswa kupatana katika matendo yanayowafunga. Kupatana si kuomba ruhusa. Ikiwa feza za likelemba yako zimo ndani ya ile nyumba, jina lako nalo liwemo.

Mama wetu alifika wapi

Hakwenda kupigana na jipu. Alikwenda kwa baba wa juu na mkataba wake mkononi, akamwambia: «Baba, tusomeane.» Waliposoma, wakaona kwamba wameuziwa kitu kimoja mara mbili. Wakaita wenye apartema wengine, wakamwita muuzaji, na shefu wa avenyu akawa shahidi. Mahali pa jipu pakapimwa karibu na geti, mita mbili na nusu kwa tano, pasipozuia mlango wa mtu. Sehemu iliyobaki ikaandikwa kuwa ya wote, na kona ya meza ya sambaza ikatajwa. Muuzaji akaweka sahihi kwamba ataanza kazi ya kugawanya nyumba kwenye kadasta, na wanunuzi wakamwekea tarehe.

Sertifika bado haijatoka. Karatasi waliyoandika haitoshi kuwafanya wenye mahali, na mama anajua hivyo. Tarehe ikipita bila kitu, watakwenda kwa avoka wote pamoja, na gharama wameshakubaliana kuigawa. Watu sita wenye karatasi moja wanasikilizwa kuliko mjane mmoja mwenye machozi.

Maswali ya kuzungumza kikundini: Katika lupango unayoishi, sertifika iko kwa jina la nani? Uwanja wenu ni wa nani, na mmeandika wapi? Je, jina lako liko kwenye karatasi yoyote ya nyumba?

Ambaye hajui jibu la swali la kwanza, juma hili aulize. Kuuliza hakulipiwi.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.