Mwanao yuko fildi saiti? Muulize kuhusu miguu yake

Ilikuwa wiki ya tatu ya fildi. Binti wa mwaka wa pili, anayesomea usimamizi wa ujenzi, alirudi nyumbani usiku, akapitiliza bafuni na kukaa humo muda mrefu. Mama yake alipogonga mlango, akajibiwa kwamba ni vumbi tu linaoshwa. Asubuhi binti akashindwa kuvaa viatu. Vifundo vya miguu vilikuwa vyekundu, kimoja kimechubuka.

Siku hiyo walikuwa wanamwaga zege la slabu. Yeye alipewa kazi ya kuhesabu mifuko ya saruji inayoingia kwenye mashine na kuiandika. Kazi ya daftari, kwa hiyo alivaa raba zake za chuo. Mchana akaombwa asogee kuelekeza matoroli, zege likamwingia kwenye raba. Hakuhisi kitu. Akaendelea hadi jioni, soksi zimelowa.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Saruji ikishachanganywa na maji huwa na ukali wa aina ileile ya kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Haichomi papo hapo kama maji ya moto. Inakula ngozi taratibu, na maumivu yanaweza kuja saa kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshafika kwao. Likiingia kwenye kiatu, dawa ni kuvua kiatu na soksi palepale na kuosha kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi. Dawa ya meno, mafuta na asali viacheni jikoni. Kidonda kikiwa na malengelenge au kikianza kuwa cheusi, ni hospitali. Likiingia jichoni, osha kwanza, kisha nenda hospitali hata kama jicho linaona vizuri.

"Sasa kwa nini hukusema?" mama alimuuliza.

"Mama, wangeniona mlaini. Wasichana tuko wawili tu pale."

Jibu hilo ndilo la kumkosesha mzazi usingizi kuliko kidonda chenyewe. Mwanafunzi wa fildi ndiye mdogo kuliko wote saiti. Hana mshahara, anasubiri maksi, na kila fundi anamzidi uzoefu. Akiambiwa panda jukwaa, anapanda. Akikosa kofia ngumu, anaona aibu kuidai, wakati Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Na vijana wa kiume wako hivyohivyo, ila wao huficha zaidi.

Kidonda kilipopata nafuu, mama alimpeleka sokoni wakanunua buti za mpira na soksi ndefu. Hakumkataza kurudi. Alimpa sharti moja: kila jioni asimulie jambo moja aliloliuliza saiti siku hiyo. Si alilofanya, aliloliuliza.

Siku ya kwanza aliuliza wapi pa kunawia. Fomani akamwonyesha pipa lililokuwa nyuma ya stoo, ambalo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lipo. Siku ya pili aliuliza kwa nini wanaokata vigae hawamwagii maji ili kupunguza vumbi, akachekwa kidogo. Vumbi hilo likivutwa miaka mingi huharibu mapafu, na mapafu hayo hayarudi, kwa hiyo swali lilikuwa zuri hata kama halikupata jibu.

Wiki iliyofuata walimwaga zege tena. Akamwona kibarua akiongeza maji kwenye mchanganyiko ili uwe laini, usimchoshe kuusambaza. Darasani alishafundishwa kwamba maji yakizidi, zege hupungua nguvu. Alisimama na daftari lake kama dakika mbili hivi, kisha akamfuata fomani na kumuuliza kama kipimo kimebadilika.

Fomani alisimamisha mashine. Mchanganyiko ule ukapimwa, ukakataliwa, ukamwagwa pembeni. Kibarua alinuna mpaka jioni.

Usiku huo mama hakusubiri kusimuliwa. Binti alianza kusema kabla hajavua buti, na mama akamwambia avue kwanza, aoneshe miguu, ndipo aendelee.