Wanaoililia banjo ya jana

Katika kitabu cha Ezra, sura ya tatu, kuna tukio linalofaa kutafakariwa Jumapili ya leo. Wayahudi wamerudi kutoka uhamishoni Babeli na wanaweka msingi wa hekalu jipya. Wengi wanapiga kelele za shangwe. Wazee waliowahi kuliona hekalu la kwanza wanalia kwa sauti kuu. Sauti hizo mbili zikachanganyika, hata watu wasiweze kutenganisha furaha na kilio.

Sauti hizo bado zinasikika leo, hata kwenye muziki. Chukua bendi ya Mumford & Sons ya Uingereza, iliyoanzishwa London mwaka 2007. Kiongozi wake, Marcus Mumford, ni mtoto wa wazazi walioanzisha makanisa ya Vineyard nchini humo, na nyimbo za mwanzo za bendi hiyo zimejaa maneno ya neema, dhambi na toba. Ilijulikana duniani kwa banjo iliyopigwa kwa kasi, kwa mtindo uliokopwa kwenye muziki wa blugrasi wa Marekani. Mwaka 2013 albamu yao ya pili, Babel, ilishinda tuzo ya Grammy ya Albamu ya Mwaka.

Mwaka 2015 wakatoa Wilder Mind. Banjo haikuwamo, kulikuwa na magita ya umeme. Albamu iliuzwa vizuri, lakini mashabiki wengi wa zamani walihisi wamesalitiwa. Mwaka 2021 mpiga banjo wao, Winston Marshall, akajiondoa kufuatia mzozo wa kisiasa uliozuka baada ya kukisifu kitabu fulani mtandaoni. Machi 2025, wakiwa watatu, wakatoa Rushmere, albamu yenye jina la bwawa lililo Wimbledon, London, mahali zilipoanzia ndoto zao za ujana. Ilishika nafasi ya kwanza Uingereza. Hata hapo mashabiki waligawanyika: wapo waliofurahi kwamba ladha ya zamani imerudi, na wapo waliosema bendi inajirudia, au kwamba moto wa zamani umepoa.

Tusiwacheke wanaolia. Shabiki halilii chombo tu. Wimbo ule ulipigwa kwenye harusi yake, au ulimfariji usiku alipouguza mama yake. Muziki unapobadilika, anahisi kama kipande cha maisha yake kimechukuliwa bila yeye kuulizwa. Ezra haandiki kwamba wazee walikaripiwa kwa machozi yao. Nabii Hagai naye, miaka kadhaa baadaye, alikiri waziwazi kwamba nyumba mpya ilionekana si kitu mbele ya ile ya kwanza. Kisha akawaambia watu wajipe moyo na wafanye kazi, kwa kuwa Bwana yu pamoja nao.

Lakini jiulize, asili tunayoililia ni ipi? Banjo yenyewe ilitengenezwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Karibiani na Marekani, kwa kibuyu, ngozi na kumbukumbu ya vyombo vya Afrika Magharibi. Blugrasi ilipata jina lake kutoka Blue Grass Boys, bendi ya Bill Monroe wa Kentucky. Mwishoni mwa mwaka 1945 kijana Earl Scruggs alijiunga nayo, na upigaji wake wa vidole vitatu ukawashangaza watu kwa upya wake. Leo upigaji huohuo ndio unaoitwa wa asili. Mara nyingi, basi, tunachokiita asili ni siku ile sisi wenyewe tulipoguswa kwa mara ya kwanza.

Hapa ndipo jambo hili linapoingia nyumbani kwako. Mtoto aliyeondoka akiwa mpole amerudi kutoka chuoni na maswali. Mwenzi wako wa ndoa si yule wa miaka 20 iliyopita. Kwaya imeongeza kinanda cha umeme, na mchungaji mpya hahubiri kama yule aliyekubatiza. Unaweza kupenda kumbukumbu ya mtu kiasi cha kushindwa kumpenda mtu mwenyewe aliyesimama mbele yako. Naye ataona. Atajua kwamba anakaribishwa tu iwapo atarudi kuwa yule wa zamani, na siku moja ataacha kubisha hodi.

Sisemi kila badiliko ni jema. Bwana wetu alifundisha kwamba mti hutambulika kwa matunda yake, na matunda yanahitaji muda. Kwa hiyo subiri, angalia: je, jambo hili jipya linaleta upendo na uaminifu, au linavibomoa? Ukiona linabomoa, sema bila woga. Ukiona kosa lake ni kutofanana na jana tu, hilo si kosa.

Wiki hii, chagua mtu mmoja ambaye umekuwa ukimlinganisha na alivyokuwa zamani. Mketi, umsikilize hadi amalize, kama msikilizaji mwema anavyoupa wimbo mpya nafasi hadi mwisho. Ukilia, lia. Lakini usiondoke pale msingi unapowekwa.