Shinkolobwe imeandikwa vitabuni, lakini nani anawasomea watoto wa Likasi?

Uraniamu ya Shinkolobwe imewapa Wazungu kazi kubwa ya kuandika. Iliyochimbwa hapa kwetu, kilomita kama 20 kutoka katikati ya Likasi, ndiyo iliyotumiwa kwa sehemu kubwa kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Tayari mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikuwa amepeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Mwaka 2016, Susan Williams wa Uingereza alitoa kitabu kizima juu ya uraniamu hiyo na wapelelezi waliokuwa wakiilinda. Kiko katika Kiingereza.

Sasa muulize mtoto wa miaka tisa wa Likasi kuhusu Shinkolobwe. Atakuambia ni mahali ambapo watu wanakatazwa kuingia, au mahali ambapo mjomba wake alichimba kobalti zamani. Kama familia yake ilikuwa pale, huenda amesikia juu ya mwaka 2004: amri ya rais ya kufunga mgodi, shimo lililoporomoka mwezi wa saba na kuua watu wanane, kisha nyumba za kijiji kubomolewa. Ameyasikia nusu nusu, wakubwa wakizungumza wao kwa wao. Hakuna mtu aliyekaa naye, akafungua kitabu na kumsomea.

Sisemi tuwalaze watoto kwa habari za bomu. Nasema kwamba sisi wakaaji wa eneo lenye historia kama hii tumeacha kusoma kuwe kazi ya kalasi peke yake, tena kalasi yenye watoto wengi mno tangu masomo ya msingi yafanywe ya bure mwaka 2019. Mzazi anampeleka mtoto sokoni, kanisani, kwenye matanga, hata kwenye mpira. Mwulize ni lini alimpeleka mahali penye vitabu. Wengi watacheka, wakidhani unawatania.

Najua jibu la kwanza: mahali hapo ni wapi? Ni kweli, hatuna maktaba kila mtaa, na mtu wa upande wa Shinkolobwe hawezi kulipa motari kila wiki kwa ajili ya kitabu cha hadisi. Lakini vitabu vichache vipo karibu kuliko tunavyofikiri. Mimi nimeviona katika masomo moja ambayo sitayataja: kabati zuri la chuma katika ofisi ya mkurugenzi, vitabu vya picha vya msaada vimepangwa vizuri, kufuli juu yake. Nikauliza kwa nini watoto hawapewi. Jibu: watavichana. Kwa hiyo vimebaki vipya kwa miaka, na watoto waliokusudiwa kuvisoma sasa wana ndevu.

Hapo ndipo ningeanza. Kila masomo na kila parokia yenye kabati la namna hiyo ilifungue Jumamosi kwa saa mbili, na si kwa wanafunzi tu, bali kwa familia: mama mwenye mtoto mgongoni, baba aliyetoka kazini, nyanya, wadogo ambao hawajaanza kusoma. Mtoto achague kitabu mwenyewe, hata kama anachagua kile kile mara nne. Vingine vichanike. Tutavishona kwa uzi.

Jibu la pili linauma zaidi, na watu hulisema kwa sauti ya chini: mimi sijui Kifaransa, nitamsomeaje? Tumefundishwa kwamba kitabu ni kitu cha Kifaransa, na Kiswahili chetu cha Katanga ni cha mdomoni tu, cha soko na cha kambi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha zetu za taifa zitumike kufundishia, lakini aibu haiondolewi na sheria.

Basi nikukumbushe kitabu kimoja ambacho wengi hapa hawakijui. Mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya wazee waliokuwa watumishi katika nyumba za Wazungu. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina ni la Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili chetu, kimeandikwa jinsi kinavyotoka mdomoni: maneno mengine yameshikana, mengine yamekatwa katikati, vituo havionekani pale unapovitafuta. Johannes Fabian, mtaalamu aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, alishindwa kukifuata vizuri kwa macho. Ilibidi Kalundi Mango, ambaye Kiswahili hicho kilikuwa lugha yake, akisome kwa sauti. Alipokisoma, maana ikatokea. Kazi yao ilitolewa kama kitabu mwaka 1990.

Wale wazee hawakungoja Kiswahili safi ndipo waandike. Na maandishi yao yalimhitaji mtu wa hapa, mwenye sauti ya hapa. Mama wa Likasi anayedhani hana la kufanya na kitabu anayo sauti hiyo hiyo.

Hata hadisi za bure zipo. Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, umeweka kwenye intaneti hadisi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kifaransa zikiwemo, na unaruhusu mtu yeyote azichapishe. Megabaiti ni ghali, sikatai. Lakini mtu mmoja mwenye simu anaweza kuzishusha mara moja, na karani wa parokia akazitoa kwenye karatasi kwa ajili ya mtaa mzima. Nyingi zina Kiswahili cha Kenya au Tanzania, na mtoto wetu atakwama. Hapo usimwachie ajikwamue. Ukikuta ugali, soma bukari. Sungura anaweza kuwa Kalulu, na hakuna atakayekushitaki. Mtoto akikukatiza kwa swali, acha kitabu, jibu, kisha urudi.

Na kama wewe mwenyewe hukusoma, mpe mkubwa wa nyumba kazi hiyo. Binti wa darasa la tano anayewasomea wadogo zake, huku mama anasonga bukari na kusikiliza, anajifunza kuliko anavyojifunza kwa kunakili ubaoni. Mama naye akishasikia hadisi, aongeze yake, zile za bibi yake. Umeme ukikatika, na tunajua utakatika, hadisi inaendelea bila karatasi.

Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, mji ukiitwa Jadotville. Alikuja kuwa mmoja wa wasomaji wakubwa wa Afrika, akafundisha Lubumbashi, kisha Marekani, akafa huko mwaka 2025. Tulipopata habari tulijisifu sana: ni mtoto wetu. Sawa. Lakini wakati tunajisifu, lile kabati la chuma bado lilikuwa limefungwa, na mkurugenzi mwenye ufunguo ni mtu mwema ambaye hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kwenda kumwomba alifungue.

Nitakwenda kumwomba mimi, wiki ijayo, pamoja na wazazi wengine wawili. Jumapili hii, baada ya misa, tutaanza na vitabu tulivyo navyo nyumbani. Viko vinne, na kimoja hakina jalada.