Kuchambua si Kutenganisha

Hivi majuzi nilionyeshwa insha ya mwanafunzi wa shule moja ya msingi huku kwetu Embu. Aliandika kwamba mama yake huamka alfajiri kwenda kiwandani "kuchambua kahawa." Mwalimu alilikata neno hilo kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "kutenganisha," na alama ikapotea. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba kitenzi cha Kiingereza "separate" maana yake ni kutenganisha, basi.

Kwa heshima zote, mwalimu huyo alikosea. Mkulima wa Meru au Embu anapomwaga matunda ya kahawa juu ya turubai, huondoa mabichi na yaliyooza ili yabaki mekundu yaliyoiva. Kuondoa kibaya ili kizuri kibaki ndiko kuchambua. Ndiyo maana twachambua maharagwe, na pia mashairi.

Kutenganisha ni jambo jingine. Kitenzi hicho kimetokana na kutengana, kwa hivyo hudai pande mbili zilizokuwa pamoja au zilizoshikana, kama vile watu wanaopigana. Kutenga ni kuweka kando: mgonjwa hutengwa, fedha hutengwa. Kugawanya ni kukifanya kitu kimoja kuwa sehemu kadhaa. Kupambanua ni kazi ya akili. Kubagua nako mara nyingi kuna harufu ya dhuluma.

Tofauti hizi si za darasani tu. Mwaka 1996 Wilaya ya Embu iligawanywa, ikapatikana Wilaya ya Mbeere. Anayesema kuwa Waembu na Wambeere walitenganishwa anatoa habari nyingine kabisa, kwani waliendelea kuoana, kuuziana mazao na kusikilizana lugha. Na tangu mwaka 2013 wamo chini ya serikali moja ya kaunti. Na anayesema walibaguliwa anawasha moto. Kiingereza kingeweza kuyafunika yote hayo kwa neno moja. Kiswahili chatudai tuseme ni lipi hasa lililotendeka.

Nawasihi walimu wenzangu: kabla ya kuikata kauli ya mwanafunzi, tujiulize ni kitendo gani anachokieleza, wala tusikimbilie kuuliza ni neno gani la Kiingereza analolitafsiri. Nanyi wanafunzi, msiyaonee haya maneno mliyoyasikia shambani na jikoni. Mtoto yule alikijua Kiswahili chake. Arudishiwe alama yake.