Sikuja Kufanya Mtihani

Yapo maneno niliyoyasikia tangu utotoni, na ambayo mimi mwenyewe niliyasema kwa miaka mingi bila ya kuyapima: kwamba mchezo mzuri ni mzuri kwa kila mtu, na asiyeufurahia, kasoro ni yake. Nathubutu kusema kuwa maneno hayo ni ya uongo. Tena ni uongo unaovunja mabaraza, maana mimi nimelivunja langu kwa mkono wangu.

Nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu na kurudi nyumbani Mkunya, nilikuja na bao zuri la mninga. Nikaliweka chini ya mwembe, nikatandika mkeka, nikaweka na sheria, kwani mkuu wa chuo hastaafu siku ile anayopokea barua. Hapa litachezwa Bao la Kiswahili tu. Karata marufuku, zinanuka kamari. Dama ni ya watoto. Anayecheza asisemeshwe. Anayekosea ataelezwa kosa lake palepale ili ajifunze.

Msomaji asiyelijua bao anivumilie kidogo. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane, na kete, ambazo ni komwe, ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: sita ndani ya nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizobaki hukaa nje, zikiingizwa moja moja kwa zamu. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha huja mtaji, na hapo hesabu huwa nzito zaidi. Lazima upime safu yako ya mbele itabakiwa na nini, kwa sababu aliyeishiwa kete katika safu hiyo ameshindwa hata kama nyuma anazo tele. Mwaka 1995 Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alitoa kitabu kizima kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar na uwezo wa akili zao. Mchezo huu ni bahari, nami siudharau hata chembe.

Basi waliokuja barazani kwangu walikuwa hawa. Wa kwanza mzee mwenzangu, fundi hasa, awezaye kulitazama bao kimya mpaka chai ikapoa. Wa pili kijana seremala, apendaye kushinda, na kushinda upesi. Wa tatu kijana mchekeshaji, ambaye kwake kete ni watu: moja ikitoka nyumbani, husema, "Shemeji huyo anashuka Masasi kuuza korosho," na ikiliwa huiangulia kilio cha msiba. Wa nne karani mstaafu wa chama cha ushirika, aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia. Huyu alikuja ili jua la alasiri lisimkute peke yake.

Nikawaendesha kama darasa. Mchekeshaji nilimnyamazisha, akaacha kuja. Nikasema hana adabu ya mchezo. Seremala akachoka kumngoja fundi, akaondoka. Nikasema vijana wa siku hizi hawana subira. Karani nilimsahihisha kila alipotakata mahali alipopaswa kula, na watu wanatazama. Baada ya wiki kadhaa naye akapotea. Nikadhani anaumwa, nikaenda kumjulia hali. Nilimkuta amekaa mlangoni, mzima, redio imezimwa. Nikamwuliza mbona haji. Akanitazama akasema, "Mwalimu, mimi sikuja kufanya mtihani."

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia walimu wanafunzi: lijue darasa lako kwanza, ndipo uchague njia ya kufundishia. Aliyefanya kinyume chake nilimpunguzia alama bila huruma. Na mimi barazani kwangu sikumwuliza mtu hata mmoja amefuata nini.

Nisingeyaandika haya, ila mjukuu wangu anayesoma Dar es Salaam alikuja likizo na malalamiko ya aina hiyohiyo. Wao wanacheza mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huizunguka meza. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake, naye husema mhusika huyo anafanya nini, na dadu huamua kama amefaulu. Kwa sisi tuliokulia kwenye hadithi za usiku si jambo geni sana: ni ngano ambayo wasikilizaji wameruhusiwa kumwambia msimulizi shujaa aende wapi. Kundi lao lilikuwa limesambaratika. Wawili walitaka vita, mmoja alitaka kuigiza tu na kusema kwa sauti ya mhusika wake, mwingine alipenda mafumbo, na wa mwisho alikuja kwa kuwa rafiki zake wapo. Yeye ndiye aliyekuwa msimulizi. "Babu," akasema, "hawajui kucheza."

Nikamwambia, "Umesema kama mimi."

Wenye mchezo wenyewe walikwisha kuliona jambo hili zamani. Mwaka 1980 Glenn Blacow aliandika makala akizitenganisha namna nne za kuucheza, na kuonyesha kwamba wanaogombana mezani mara nyingi wanacheza michezo miwili tofauti pasipo kujua. Mwaka 1991 Mark Rein-Hagen akatoa Vampire: The Masquerade, ambao uzito wake uko kwenye fitina na nafsi ya mhusika kuliko mapigano. Maana yake ni kwamba sheria za mchezo zina upendeleo. Upo mchezo unaomtuza mwenye upanga, na upo unaomtuza mwenye ulimi. Ukimkalisha mwenye ulimi kwenye mchezo wa upanga, kisha ukamlaumu kwa kupiga miayo, wewe ndiwe mjinga wa mchezo.

Wapo watakaosema kuwa nawadekeza watu, na kwamba kiwango kitashuka. Fundi wangu ndiye wa kwanza kusema hivyo. Namjibu kuwa kiwango kinapandishwa na wanaokitaka. Kumlazimisha mfiwa kuhesabu kete hakujazaa fundi hata mmoja.

Lakini nina ugomvi pia na wale wa upande wa pili, wasemao mchezo ni mchezo tu, kila mtu acheze apendavyo. Hao ndio wanaomweka seremala mbele ya mchekeshaji. Mmoja anataka ushindi, mwingine anataka kicheko, na wote wawili wanaondoka na hasira. Huo ni uvivu uliovaa kanzu ya upole. Mwenye baraza ana kazi ya kuuliza kabla ya kutandika mkeka, na kazi hiyo haikwepeki.

Mimi nimeuliza, ingawa kwa kuchelewa. Seremala sasa ana dama, vizibo vya soda, na ndani ya saa moja ameshinda au ameshindwa mara nyingi kama apendavyo. Mchekeshaji alipewa bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbili mbili tangu mwanzo, na watoto humzunguka kusikia shemeji amefika wapi. Karata nimeziruhusu, fedha haigusi mkeka. Karani hucheza karata akiwa na mwenza wake mbele yake, na kelele zao zinanifikia chumbani.

Fundi peke yake ndiye aliyepata hasara, sina budi kukiri. Wapinzani wa kiwango chake ni wachache hapa, naye hungoja mpaka atokee mgeni kutoka Newala. Siku nyingine mimi ndiye ninayemchezesha, naye hunifunga kila mara. Juzi, alipomaliza kunifunga, aliniuliza kama nataka anieleze kosa langu lilikuwa wapi. Nikamwambia hapana.